Mgeni Kati Yangu na Baba Mkwe

Nyinyi vijana mnaoongoza wageni siku hizi nawaona pale stendi ya Tukuyu, kitambulisho shingoni, simu mkononi, viatu vyenye meno kama tairi la trekta. Mnacheka. Mnamwambia mgeni, "Karibu sana, hakuna shida." Mimi nikisikia mtu anasema hakuna shida na huku Mlima Rungwe umevaa wingu mpaka magotini, naanza kuhesabu vichwa kama zamani. Nimestaafu miaka mingi, lakini macho bado yako kazini.

Mmoja wenu kaniomba niandike jinsi sisi wa kwanza tulivyoifanya kazi hii. Nadhani alitegemea kupata shujaa. Pole yake. Mimi ni mtu wa jikoni. Raha yangu duniani ni mvua inyeshe nje, ndizi zichemke ndani, na mtu asinigongee mlango. Nilipomaliza kidato cha nne, Uhuru bado ukinukia rangi mpya, niliomba kazi ya kupiga chapa katika ofisi ya wilaya kwa sababu moja tu: mpiga chapa anakaa. Wakanipa kazi ya kutembeza watu. Pale ofisini nilikuwa msichana pekee niliyeweza kuanza sentensi ya Kiingereza na kuimaliza, na mkuu wangu, Bwana Athumani, mtu wa Tanga aliyeletwa kwetu kusimamia mambo ya utamaduni, alikuwa ameamua kwamba nchi huru haiwezi kuacha wageni wazurure peke yao kama mbuzi.

"Lakini bwana, mimi hata Ngosi kwenyewe sijawahi kufika," nilimwambia.

"Vizuri sana, Sekela. Mtashangaa pamoja."

Ndivyo nilivyoajiriwa kushangaa. Vitu vya kuonyesha mnavijua, havijahama: boma la Mjerumani na kuta zake nene, Daraja la Mungu pale Mto Kiwira ulipotoboa mwamba ukapita chini yake, Kijungu ambako mto wote unazama kwenye shimo kama uji kwenye koo, Ziwa Masoko, na Ngosi juu kabisa, ziwa lililokaa ndani ya mlima uliopasuka. Nyinyi mnaviita vivutio. Mimi niliviita mahali pa kupotezea watu.

Safari yangu ya kwanza Kijungu nilipeleka mafundi wa reli, Wachina, watu wapole wenye makoti ya bluu. Nilipochungulia lile shimo nilimshika koti yule aliyekuwa karibu nami, nikamng'ang'ania mpaka kifungo kikang'oka. Maskini, alidhani ndiyo heshima ya kwetu. Naye akamshika koti mwenzake, mwenzake akamshika wa pili, tukasimama mstari mzima tumeshikana makoti kama watoto wa chekechea, maji yakinguruma chini. Mkuu wa msafara akaandika ofisini kusifu desturi zetu. Bwana Athumani akaniita kuniuliza ni desturi ipi hiyo. Nikamwambia ni ya ukoo wetu.

Nyumbani ndiyo walinimaliza. Ule ulikuwa wakati wa Ujamaa, kila mtu na jembe lake kwenye shamba la kijiji, halafu mimi napita kwenye Landrova nimekaa na wazungu. Balozi wetu wa nyumba kumi, mama mmoja mwenye ulimi, alikuwa akinisubiri barabarani makusudi.

"Sekela! Leo unakwenda kutazama nini?"

"Maji, mama."

"Maji! Haya, ukimaliza kutazama hayo ya huko, njoo na kwangu, kuna debe zima limekaa bila kutazamwa."

Basi nilijifunza. Nilijifunza kwamba mgeni anayesema hajachoka ndiye aliyechoka. Kwamba usimpe mtu fimbo ya mti usioujua, maana upupu umewahi kunifukuzia mwalimu mmoja wa kike mpaka mtoni na sketi yake mkononi. Kwamba ukiona wingu limekaa juu ya Rungwe kama kofia, bado una muda. Likianza kuteremka mabegani, geuza watu, wakasirike wakiwa wakavu. Na kwamba ndizi za kuchoma zikiwa kwenye kikapu, hata mgeni mkali hawezi kukukasirikia kwa muda mrefu.

Sasa niwaeleze jambo ambalo nyinyi, mnaokaa kochi moja na wakwe zenu mkigombea rimoti, mtadhani nalitunga. Kwetu sisi Wanyakyusa mwanamke alimtila baba mkwe wake. Kutila si kumchukia, wala si kumwogopa tu. Ni kumkwepa kwa heshima. Humtazami usoni. Humsemeshi. Jina lake hulitaji, na ndiyo maana hata hapa siliandiki, msisumbuke kulitafuta. Mkikutana njiani unatoka njiani, unampa mgongo, unajifunika nguo mpaka apite. Naye kwa heshima yake anakohoa kutoka mbali, ili ujue anakuja. Wazee walisema mwanamke akilivunja hilo, ubaya haumpati yeye, unawapata watoto wake. Mimi nilikuwa nimebatizwa, nimesoma jiografia ya dunia nzima, nimefaulu baiolojia. Lakini nikisikia kikohozi cha yule mzee, magoti yalikuwa yameshainama kabla akili haijafika. Na wakati huo nilikuwa na mwanangu wa kwanza, bado ananyonya.

Mume wangu alikuwa mwalimu. Baba yake, mzaliwa wa Kinyala, alikuwa amehamia kijiji cha chini ya msitu wa Ngosi kwa ajili ya viazi na pareto. Siku moja ofisi yetu ikakiomba kijiji kichague mtu wa kufyeka njia ya kupanda ziwani na kuwatangulia wageni. Kijiji kikachagua. Mimi nikafika na Landrova na wanafunzi wa chuo, nikasikia kikohozi ninachokijua nyuma ya nyumba. Nililala chini kwenye sakafu ya gari, juu ya kikapu cha ndizi.

Nikarudi kwa Bwana Athumani karibu nalia.

"Mkwe si mzazi?" akasema. "Mwamkie. Shikamoo baba, basi. Sisi kwetu tunakula naye."

"Kwenu, bwana. Kwetu nikimwamkia ataondoka kijijini kwa aibu, au nitaondoka mimi."

"Sasa wewe ni mtumishi wa umma au ni mkwe wa mtu?"

Swali zuri. Nilikuwa vyote viwili, na njia ya Ngosi ni moja.

Kwa hiyo tukabuni utaratibu. Nasema tukabuni, lakini hatukukaa kikao, ulijitengeneza wenyewe. Yeye alitangulia na panga lake, wageni wakamfuata, mimi nikabaki nyuma kona moja nzima nisimwone. Akipita kona alikohoa, maana yake njia ni nyeupe, njoo. Nikiwa na la kumwambia, nilimwambia mgeni wa mwisho, kwa sauti ya kusikika mpaka mbele, na kwa Kiswahili, maana Kinyakyusa kingekuwa kama kumtazama usoni: "Mgeni, hawa watu wanaomba kupumzika!" Mgeni hakuelewa neno, akatikisa kichwa. Kutoka mbele nasikia mzee naye anamwambia mgeni wa kwanza: "Mgeni, tutapumzika pale penye jiwe!" Wa kwanza naye akatikisa kichwa. Wageni walikuwa posta yetu. Barua zilifika, ila sanduku la barua halikujua kusoma. Utaratibu ulifanya kazi vizuri hata nikaanza kujisifia moyoni, na mimi nikianza kujisifia ndipo mambo huharibika.

Siku hizo akaja Karmenu. Alikuwa kaka wa sista mmoja aliyekuwa akifanya kazi misheni, mzee mnene mwenye goti bovu na nyusi kama viwavi. Alitoka Malta, kisiwa kilicho katikati ya bahari baina ya Afrika na Ulaya, nchi ndogo iliyokuwa imepata uhuru wake muda mfupi tu baada yetu. Alipoambiwa nafanya kazi gani alicheka mpaka akakohoa.

"Na mimi," akasema. "Miaka yote. Naongoza watu katika mji wetu, Valeta."

Mpishi kutembelewa na mpishi! Pale bomani nilimwonyesha kuta za Mjerumani, nikamweleza unene wake. Akazigusa kwa kiganja kama mtu anayempapasa ng'ombe wa jirani.

"Nzuri," akasema. "Kwetu ukuta kama huu tungemfugia punda."

Halafu akaomba radhi, akanisimulia. Mji wake umekaa juu ya ulimi wa mwamba, bandari upande huu na bandari upande ule, umezungushiwa kuta za mawe ya rangi ya asali ambazo juu yake unaweza kupitisha gari. Ulijengwa na watawa waliokuwa pia askari, msalaba kifuani na upanga kiunoni. Barabara zake zimenyooka kama rula na baadhi ni ngazi tupu, zinashuka mpaka unaona bahari mwisho wake, imesimama kama ukuta mwingine wa bluu. Nyumba zina vibaraza vya mbao vilivyopakwa rangi, vimening'inia juu ya vichwa vya watu. Kuna kanisa ambalo sakafu yake yote ni makaburi ya wale watawa, marumaru za rangi rangi zenye picha za mifupa, na unakanyaga hapo hapo ukienda kusali. Adhuhuri wanapiga mzinga, watalii wanaruka. Ng'ambo ya bandari kuna miji mingine ya zamani zaidi, na mashua zilizochorwa macho mbele ili zione njia. Ndani kidogo ya kisiwa kuna mji mwingine wa ukuta juu ya kilima, kimya, unasikia viatu vyako mwenyewe. Na chini ya ardhi kuna vyumba vya kuzikia vilivyochongwa kabla ya Kristo, chumba kimoja kina tundu ukutani. Ukinena ndani yake kwa sauti ya chini, sauti inazunguka chumba kizima na kukurudia mgongoni.

"Hapo wageni huwa wanalia," akasema. "Mimi huwa naangalia saa."

Alinifundisha mambo ambayo nyinyi mnalipia ada kuyasoma. "Usiwaonyeshe kitu chote kwa mpigo," alisema. "Mimi siwapeleki moja kwa moja bandarini. Nawapitisha kichochoro cha giza kinachonuka samaki, wanaanza kulalamika, halafu nakata kona." Kesho yake nilimpeleka Daraja la Mungu kwa njia ya migombani, asikie maji kwanza bila kuyaona. Alipotokea juu ya mwamba alivua kofia. Kisha akanitazama pembeni. "Mwizi wewe," akasema, na nilifurahi kuliko siku niliyopokea cheti.

Jambo la mwisho alinifundisha ndani ya Landrova, tukienda Ngosi. "Mwongoza watu hutembea pale anapoweza kumwona wa mwisho. Wewe unatembea wapi?"

Ikanibidi nimweleze habari ya baba mkwe. Sikuwa nimewahi kumweleza mgeni. Nilisubiri acheke. Hakucheka, aliuliza tu, "Na leo, mgeni nikiwa mimi peke yangu?"

"Utakuwa posta."

"Posta ina goti bovu," akasema. Nami nikacheka. Hapo ndipo nilipaswa kugeuza gari.

Rungwe asubuhi ile ulikuwa mweupe kabisa, bila hata kipande cha wingu. Tulipofika kijijini nilimwachia mama mkwe mwanangu, dereva akabaki na gari lake bovu, nikajifunika kanga na kugeukia ukuta mpaka nikasikia kikohozi kimeingia msituni. Kisha Karmenu akafuata, kisha mimi. Njia ilikuwa matope na mizizi. Mbele: khoo. Nasimama, nasikia viatu vya Karmenu, vya misumari, vinakwaruza jiwe. Naenda. Khoo. Nasimama. Kwenye mianzi, goti likaanza kumchelewesha, nikamsikia akihema. Nikasema kwa Kiswahili, "Mgeni, polepole!" Mbele hakujibu mtu. Nikadhani barua imefika.

Ukungu wa Ngosi hauji polepole kama mnavyowaambia watu. Ulikuja kama mtu aliyefungua mlango wa jiko la kuni mbichi. Niliutazama mkono wangu, ukaniishia kwenye kiwiko. Nikasikia khoo, mbali, juu. Nikasema moyoni, mzee kamharakisha mgeni wafike ukingoni kabla ziwa halijafungwa. Nikapanda. Viatu vya misumari sikuvisikia tena. Nikajiambia ni kwa sababu ya matope. Ukitaka kujidanganya, wanangu, sababu hazikosekani.

Kikohozi kikasikika tena. Safari hii kilikuwa kinashuka.

Nilitoka njiani haraka, nikaugeukia mti mmoja mkubwa wenye kuvu, nikajifunika kanga mpaka machoni. Nyayo zikaja. Zilikuwa za miguu mitupu, za mtu mmoja. Zikafika nyuma yangu, zikasimama. Nilisubiri mzee apite. Hakupita. Naye alikuwa anasubiri. Kila mmoja wetu alikuwa anasubiri mgeni aseme kitu ili tupate kuzungumza.

Nikatega sikio nisikie viatu vya misumari, nikasikia matone tu.

Nikauambia ule mti, kwa Kiswahili, "Mti, mgeni yuko wapi?"

Kisha nyuma yangu mzee akaliambia panga lake, "Panga, mgeni si yuko na mwenzake huku nyuma?"

"Mti, mwenzake alidhani yuko mbele."

Fikirini: mtu ana viongozi wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma, na kapotea katikati yao, kwa sababu hao viongozi wana adabu. Na Ngosi si mahali pa kupotelea. Upande wa pili wa ule ukingo hakuna mteremko, kuna kuta za msitu zinazoshuka wima mpaka majini.

"Panga," mzee akasema, na sauti yake haikuwa ile ya siku zote, "pale penye mti ulioanguka kuna njia ya wakata mianzi. Imepanuka kuliko hii yetu. Mgeni akifika pale peke yake, ataifuata hiyo. Inaishia ukingoni."

"Mti, twende."

"Mti usiende. Ukungu huu ukimeza mtu hata mwenyeji harudi. Mti usimame hapo njiani uwe unaita, ili panga lijue pa kurudia."

Nikawa mti. Lakini niite nini? Jina la mzee siwezi. Nikaita, "Karmenuuu!" Kutoka ndani ya ukungu baba mkwe akaitika, "Eee!" Nikaita tena Karmenu, akaitika tena yeye. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya kwanza toka niolewe: mimi naita jina la Mmalta, na baba mkwe anaitika. Kila "eee" ilitoka mbali zaidi. Kila niliposubiri nilimwona yule mzee wa nyusi chini kwenye maji, na dada yake sista amesimama mlangoni mwa misheni ananitazama. Nilimwona na mwanangu. Sijui kwa nini, nilimwona amelala, mwekundu wa homa.

Kisha "eee" haikuja. Nikaita. Nikaita tena. Nilikuwa nimeanza kuhesabu dhambi zangu baba mkwe aliponena kwa Kinyakyusa, bila panga wala mti, neno moja tu: njoo.

Nilikwenda kwa mikono na magoti nikiifuata sauti, maana aliendelea kuniita, njoo, huku, njoo. Nilimkuta amelala kifudifudi mwisho wa mianzi. Chini yake, urefu wa mtu na zaidi, Karmenu alikuwa amebanwa kifua kwenye ukuta wa udongo, miguu juu ya mzizi mmoja, vidole ndani ya majani. Uso wake ulikuwa rangi ya jivu. Nyuma yake hapakuwa na kitu, weupe tu.

"Bibi Sekela," alinong'ona, kama mtu aliyechelewa kanisani. "Nilisimama nivute pumzi. Nilipoinua kichwa, hamkuwepo wote wawili."

Nilivua kanga kichwani, tukaitelemsha. Akaishika, ikateleza, ilikuwa imeloa, naye vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Akaishika tena, ule mzizi chini yake ukalia. Kanga ikamponyoka, ikaanguka nyuma yake bila sauti, na hatukusikia ilipofika.

"Mimi mzito," baba mkwe akasema. "Ukingo hautanibeba. Shuka wewe, mimi nitakushika. Nipe mkono."

Aliniambia mimi. Nami nilikuwa kichwa wazi mbele yake.

Msinisifu. Sikufikiri juu ya utu wala juu ya taifa. Nilifikiri juu ya mtoto, nikafumba macho nikatoa mkono, kwa sababu ule mzizi ulilia tena na sikuweza kuusikiliza mara ya tatu. Kiganja chake kilikuwa kigumu kama mpini wa jembe. Akafunga mguu kwenye shina la mti, nami nikashuka tumbo kwa udongo mpaka nikamshika Karmenu kifundo cha mkono. Baba mkwe akavuta. Nilidhani nitapasuka katikati kama kitambaa. Tulipanda shibiri kwa shibiri, Mmalta akiomba kwa lugha yake, mimi nikilia kwa yangu, na mzee juu akitutukana wote wawili kwa upole, kama anavyotukanwa ng'ombe aliyekwama matopeni.

Tulipokuwa juu tulilala tu. Baada ya muda nikagundua mkono wangu bado uko ndani ya mkono wa baba mkwe, naye akagundua, tukaachana kana kwamba tumeshika kaa la moto.

Ziwa hatukuliona. Karmenu hakuuliza. Tulishuka watatu tumekaribiana, mzee mbele, mgeni katikati, mimi nyuma, na sikumwacha hata mmoja atoke machoni pangu. Kwa mara ya kwanza nikauona mgongo wa baba wa mume wangu. Sikujua kwamba anachechemea. Miaka yote nilimjua kwa kikohozi.

Kwa hiyo, nyinyi wa stendi, hilo ndilo somo langu lote na Karmenu alinipa kabla halijanipata: tembea pale unapoweza kumwona wa mwisho. Kama kuna kitu kinakuzuia, hata kiwe kizuri, hata kiwe heshima ya wazee wako, mweleze mkuu wako mpaka aelewe, akikataa kuelewa mkatalie safari. Bwana Athumani alielewa wiki iliyofuata, nikapewa Daraja la Mungu na Masoko, na Ngosi akaenda mwingine. Simu zenu ni nzuri, lakini ukungu ule ninaujua. Simu itakuonyesha ulipo wewe, haitakuonyesha alipo mgeni.

Siku ile, tulipokaribia kijiji, mahali ambapo watu wangetuona, mzee aliongeza mwendo bila kusema, akatuacha. Tulipofika mama mkwe alikuwa kibarazani anaambua maharage, mwanangu mgongoni. Karmenu akapewa kigoda na chai, akakishika kikombe kwa mikono miwili. Mimi sikumtazama mama mkwe. Nilimtazama mtoto.

Kutoka nyuma ya nyumba, sauti ya mzee ikaja. "Mama, mwambie mkweo kwamba ana mkono wenye nguvu."

Mama mkwe akaacha maharage. Akaitazama mikono yangu, udongo mpaka kwenye viwiko. Akakitazama kichwa changu kitupu.

"Na yeye amejuaje?" akaniuliza, polepole.

Nikaificha mikono mgongoni. Kisha akamfungua mtoto mgongoni, akamweka mapajani, akamgusa paji la uso kwa nyuma ya kiganja, akamgusa shingoni, akamgeuza akamtazama macho, kwa muda mrefu, kama mtu anayechagua mbegu.

"Hana homa," akasema.

Akanipa mtoto. Halafu akavua kanga yake begani, akanifunika nayo kichwa, akaivuta mpaka machoni.

"Geuka," akasema. "Mzee anataka kupita."